Mbona Guka Amevuta Fegi Miaka 50 na Bado Yuko Fiti? Hii Ndio Rada ya Jeni na Kansa ya Kibofu

Kila mtaa iko na ule guka. Amevuta fegi tangu Moi akiwa bado makamu wa rais, anaamka na moja kabla ya chai, analala na ingine, na bado anapanda mlima wa kuenda sokoni bila kuhema. Ukijaribu kushow mse aache mafegi, huyo guka ndio anaitwa kama shahidi. "Si unaona yule? Mbona hajadedi?"

Maze, hio si swali ya ujinga. Ni swali poa sana, shida ni vile watu hulijibu. Wanasayansi wamekaa miaka mingi wakijiuliza hio hio kitu: mbona watu wawili wanavuta moshi moja, mmoja anapata kansa na mwingine anazeeka akicheza ajua? Na moja ya mahali walipata jibu linaloeleweka ni kwa kansa yenye hatuiongelei sana: kansa ya kibofu, yaani kale kamfuko kanabeba mkojo.

Kama unadhani ni ugonjwa wa watu hawajulikani, cheki Deion Sanders, ule legend wa futiboli ya Marekani wenye wengi wanamjua kama Coach Prime. Julai 2025 alikaa mbele ya wanahabari akasema alipatikana na kansa ya kibofu. Madaktari walitoa kibofu chote, wakamtengenezea kingine kutoka kwa utumbo wake. Hakuficha kitu. Alisema hadi vile kukojoa kumebadilika, na akasihi watu waende wapimwe. Mwanaume wa jina kubwa hivyo kuongelea mkojo wake hadharani si kitu unaona kila siku.

Sasa tuingie kwa maneno yenyewe, pole pole.

Kibofu ndio tanki ya takataka

Ukivuta fegi, moshi unaingia kwa mapafu. Hio kila mtu anajua. Chenye watu hawajui ni kwamba moshi haubaki hapo. Sumu zake zinaingia kwa damu, damu inapita kwa ini, ini linazifanyia kazi, halafu figo zinachuja na kutupa mabaki kwa mkojo. Na mkojo unakaa wapi ukingoja uende choo? Kwa kibofu. Masaa kadhaa, kila siku, miaka nenda miaka rudi.

Kwa hivyo kibofu ni kama ile tanki ya nyuma ya ploti. Chochote kichafu kilichopita kwa mabomba kinatulia hapo. Ngozi ya ndani ya kibofu inaoga hizo sumu kila siku.

Sumu zenye noma hapa zinaitwa amini aromatiki. Ziko kwa moshi wa tumbaku, na zamani zilijaa kwa viwanda vya rangi za nguo. Huko Frankfurt, Ujerumani, daktari wa upasuaji anaitwa Ludwig Rehn aliripoti mwaka wa 1895 kwamba wafanyikazi wa kiwanda cha rangi walikuwa wanapata uvimbe kwa kibofu. Hapo ndio dunia ilianza kushtuka kwamba kitu unashika ama kuvuta hewa yake kazini kinaweza kukumaliza kupitia mkojo. Miaka mingi baadaye fegi ikaongezwa kwa hio listi. Leo nchi kama Marekani inakadiriwa karibu nusu ya kansa zote za kibofu zinatokana na kuvuta sigara.

Wafanyikazi wawili wa ini

Sasa hapa ndio jeni zinaingia. Jeni ni kama maagizo yenye mwili unafuata kutengeneza vitu vyake. Kwa karibu kila jeni uko na nakala mbili, moja kutoka kwa mathe na ingine kutoka kwa fathe. Na maagizo ya watu hayafanani. Mse mmoja herufi moja imebadilika, mwingine kipande kizima hakiko. Hizo tofauti ndogo ndio zinafanya mmoja awe mrefu na mwingine mfupi, na pia ndio zinaamua vile ini lako linasafisha sumu.

Fikiria ini ni kampuni ya kuzoa taka. Kwa hii story, wafanyikazi wawili ndio wanatuhusu.

Wa kwanza anaitwa NAT2. Kazi yake ni kuchukua zile amini aromatiki, kuzifunga vizuri na kuziweka kwa hali yenye haziumi mtu sana. Kuna watu NAT2 yao iko mbio. Sumu ikitokea, imefungwa. Wengine NAT2 yao ni ya pole pole. Sumu inakaa nje ikingoja, na kwa sababu imengoja sana, inapitia njia ingine ndani ya ini yenye inaigeuza kuwa kali zaidi. Hio kali ndio inashuka hadi kwa kibofu na kushikana na DNA ya seli za huko.

Wa pili anaitwa GSTM1. Huyu naye huzima sumu za aina mbalimbali. Lakini hapa tofauti si mbio ama pole. Kuna watu hawana GSTM1 kabisa. Nakala ya mathe haiko, ya fathe pia haiko. Mfanyikazi hakuwahi kuandikwa. Kwa Wazungu, karibu nusu ya watu wako hivyo. Kwa watu wa asili ya Afrika, wenye wameikosa ni wachache kuliko hapo.

Na hizi tofauti si ugonjwa. Ukiwa na NAT2 ya pole pole hauhisi chochote. Kwa Afrika na Ulaya mamilioni ya watu wako nayo. Japani ni kama mtu mmoja tu kwa kumi.

TB ndio ilifungua hii siri

Stori ya NAT2 haikuanza na kansa. Ilianza na TB. Miaka ya 1950, dawa inaitwa isoniazidi ilipoanza kutumika, madaktari waliona kitu cha ajabu: wagonjwa wanapewa kipimo sawa, lakini kwa wengine dawa inatoka mwilini haraka, na kwa wengine inakaa. Wenye inakaa ndio walikuwa wanapata shida ya neva, miguu na mikono kufa ganzi. Baadaye ikajulikana ni ile ile jeni.

Kama umewahi kuwa na mtu kwa familia wa kumeza dawa za TB, labda uliona anapewa na vitamini B6 kando. Sababu ndio hio. B6 inalinda neva, na wenye NAT2 ya pole pole ndio wanaihitaji sana. Kwa hivyo hii kitu ya jeni si ya filamu za Wazungu. Iko kwa paketi ya dawa kwa zahanati ya mtaa.

Sasa hesabu, na usiruke hapa

Mwaka wa 2005, jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa kutoka Uhispania, wagonjwa zaidi ya 1,100 wa kansa ya kibofu wakilinganishwa na watu karibu idadi hio hio wasio na kansa hio. Wenye NAT2 ya pole pole walikuwa na hatari kama mara 1.4 ukilinganisha na wenye NAT2 ya mbio. Wenye hawana GSTM1 kabisa, hatari yao ilikuwa karibu mara 1.5 hadi 2.

Mara 1.4 inamaanisha nini? Tuchukue mfano wa kubuni tu. Sema kwa kikundi cha watu 1,000, kumi wangepata hii kansa maishani. Ukizidisha kwa 1.4 unapata kumi na nne. Wale wengine 986 hawapati. So jeni pekee yake haikupi hukumu. Inasukuma mzani kidogo.

Sasa linganisha na fegi. Mvutaji yuko na hatari angalau mara tatu kuliko mtu hajawahi kuvuta. Kwa ule mfano wetu, kumi wanakuwa thelathini. Fegi inasukuma mzani kwa mkono mzito kuliko hizo jeni.

Lakini cheki hii, ju ndio kiini cha story yote. Ile hatari ya NAT2 ya pole pole ilionekana hasa kwa wavutaji. Kwa watu hawajawahi kuvuta, hio jeni haikuwa na maneno mengi. Na ukifikiria, inaingia akilini. Mzoa taka mvivu si shida kama hakuna taka. Shida inaanza ukianza kumwaga.

Kwa hivyo guka wetu? Inawezekana alizaliwa na wafanyikazi wazuri. Inawezekana pia ni bahati tu, ju hata kwa wavutaji wengi hawapati kansa hii moja. Lakini wewe hauna ini la guka. Kwa jeni zako zote, robo tu ndio imetoka kwake, na hauwezi kujua kama ni ile robo poa. Kumtumia yeye kama ushahidi ni kama kuona mtu ameshinda jakipoti ukauza godoro uweke beti.

Na usidhani NAT2 ya pole pole ni mbaya kila mahali. Kwa wafanyikazi wa China waliokuwa wanashika benzidini, kemikali ingine ya rangi, tafiti hazikuona hio jeni ikiongeza hatari. Sumu tofauti, njia tofauti. Jeni si nzuri wala mbaya yenyewe, inategemea umeletea mwili nini.

Jeni ya kuzaliwa nayo na jeni ya kuharibika

Watu huchanganya hapa. Kuna tofauti zenye umezaliwa nazo, kama NAT2, na ziko kwa kila seli yako. Halafu kuna uharibifu wenye unatokea baadaye kwa seli chache za kibofu pekee, ju ya sumu na umri. Kansa yenyewe huanza na hio ya pili. Ile ya kwanza inaamua tu mlango uko wazi kiasi gani.

Mfano wa kutisha ni Hubert Humphrey, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani kutoka 1965 hadi 1969. Mwaka wa 1967 alikuwa na damu kwa mkojo. Kansa ya kibofu yenye imeenea kwa misuli ilikuja kuthibitishwa 1976, akafanyiwa upasuaji, akafariki Januari 1978. Sasa sikia: mwaka wa 1994 watafiti walichukua sampuli ya mkojo wake wa 1967 iliyokuwa imehifadhiwa, wakaipima kwa teknolojia mpya. Jeni inaitwa p53, yenye kazi yake ni kuzuia seli zisikue ovyo, ilikuwa tayari imeharibika kwa seli zilizokuwa kwa huo mkojo. Miaka tisa kabla.

Miaka tisa, buda. Mkojo ulikuwa unaongea. Teknolojia ya kuusikia ndio haikuwa imefika.

Hapa kwetu, nani anafaa kuwa rada?

Hii kansa hupiga sana watu wa miaka 55 kuenda juu, na wanaume kuliko wanawake, kama mara tatu ama nne. Unaweza sema basi si yangu, mi niko 23. Lakini sumu haifanyi kazi kwa siku moja. Chenye kinaonekana ukiwa 60 kilianza kuwekwa ukiwa 20. Hii ndio miaka ya kuweka.

Wavutaji ndio namba moja. Fegi ya kununua moja moja kwa kibanda inahesabika. Shisha pia ni tumbaku, hata ikinukia embe.

Halafu kuna mafundi wa rangi. Tunapenda nganya, tunapiga picha za grafiti mpya zikitoka, lakini hatuulizi yule msanii anavuta nini akipuliza rangi siku nzima kwa gereji imefungwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lile liko chini ya WHO, limeweka kazi ya upakaji rangi kwa kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vimethibitishwa kusababisha kansa kwa binadamu, na ya kibofu ni moja yazo. Ile barakoa ya korona haizuii mvuke wa rangi. Inafaa ile yenye filta za kaboni, mlango uwe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kushika chapo. Kama uko na bro kwa hio kazi, mshow.

Masistero na mabro wa salon na kinyozi, hasa wenye wanashughulika na rangi za nywele kila siku, shirika hilo hilo limeiweka hio kazi kwa kundi la "pengine inasababisha". Si hukumu, lakini glavu si mapambo.

Pwani nako kuna story ingine. Kilifi, Kwale, Tana River, kuna kichocho cha aina ya kushika kibofu. Unakipata ukioga ama kuvuka maji yenye konokono wa hio minyoo. Mayai yake yanakwama kwa ukuta wa kibofu, yanaleta vidonda miaka na miaka, na hapo kansa inaweza kuzaliwa bila hata fegi moja. Sehemu nyingi za Afrika, kijana kukojoa damu kumewahi kuchukuliwa kama hatua ya kubalehe. Si kubalehe. Ni ugonjwa, na dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza tu.

Mwisho, familia. Ukiwa na mzazi ama ndugu wa damu aliyepata kansa ya kibofu, hatari yako ni kama mara mbili. Na kama kwa ukoo wenu kuna watu kadhaa waliopata kansa ya utumbo mkubwa ama ya mfuko wa uzazi kabla ya kufika 50, mwambie daktari. Kuna hali ya kurithi inaitwa sindromu ya Lynch yenye inaleta hizo, na huongeza pia za njia ya mkojo. Uliza wazee kwa mazishi ama kwa ruracio, si lazima iwe mbaya. "Cucu aliugua nini haswa?" ni swali ya maana kuliko wengi wanavyodhani.

Basi nikapime jeni?

Kuna kampuni za nje zenye unatumia mate na zinakutumia ripoti. Kabla utoe doh, jua hii. Mwaka wa 2008 watafiti wa Iceland na Netherlands walipata tofauti moja kwa kromosomu ya 8 yenye inaongeza hatari ya kansa ya kibofu, lakini kwa kama asilimia 20 tu kwa kila nakala. Zingine zimepatikana baadaye, nazo ni ndogo ndogo hivyo hivyo. Na nyingi za hizi tafiti zilifanywa kwa Wazungu, na bado sisi Waafrika ndio tuko na tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara lingine lolote. Ripoti ya kulinganisha mse wa Kayole na watu wa Iceland haiwezi kukupa picha kamili.

Halafu jiulize: ripoti ikisema uko na NAT2 ya pole pole, utafanya nini? Utaacha fegi. Ikisema uko na ya mbio? Bado uache, ju mapafu na moyo hazijali NAT2 yako. Jibu ni moja, na ni la bure. Ukiacha, hatari ya kibofu inaanza kushuka ndani ya miaka michache, ingawa inachukua muda mrefu sana kukaribia ya mtu hajawahi kuvuta. Mapema ndio best.

Ukiona damu kwa mkojo, usijidanganye

Hapa ndio wasee hupotelea. Dalili kubwa ya kansa ya kibofu ni damu kwa mkojo, na mara nyingi hakuna uchungu wowote. Inakuja leo, kesho haiko, wiki tatu baadaye inarudi. Mse anaona imeisha, anashukuru Mungu, anaendelea na maisha.

Ama anaogopa ni kisonono, anaona aibu kuenda hospitali ya mtaa kwenye nesi ni rafiki ya mathe, anaenda duka la dawa kununua antibiotiki bila kupimwa. Madem nao huambiwa ni UTI, wanapewa dawa, inarudi, wanapewa ingine, na hakuna anayeangalia ndani. Miezi inapita hivyo.

Ni kweli mara nyingi damu si kansa. Inaweza kuwa UTI, mawe ya figo, kichocho. Biturutu inaweza kufanya mkojo uwe mwekundu, na dawa za TB huufanya uwe wa rangi ya machungwa. Lakini hauwezi kujua ukiwa kwa keja yako unacheki sinki. Kipimo cha kwanza ni cha mkojo tu, kwa maabara yoyote ya kawaida. Kikionyesha damu bila maambukizi, ama ukimaliza dawa na damu bado iko, uliza ultrasaundi na uombe kutumwa kwa daktari wa mkojo. Yeye anaweza kupitisha kamera ndogo na kuangalia kibofu ndani.

Na ikipatikana mapema, si mwisho wa maisha. Uvimbe wenye uko juu juu hutolewa kupitia njia ile ile ya mkojo bila kukatwa tumbo. Halafu kuna dawa moja huwekwa ndani ya kibofu kuamsha kinga ya mwili ipigane na seli zilizobaki. Unajua ni gani? BCG. Ile ile chanjo ya TB ulidungwa ukiwa mtoi, yenye imekuachia alama kwa mkono wa kushoto. Imetumika kwa kansa ya kibofu tangu miaka ya 1970.

Kwa hivyo guka aachwe apumzike na fegi yake. Jeni zake ni zake. Zako hauzijui, lakini chenye unamwagia hio tanki unakijua, na rangi ya mkojo wako unaiona kila asubuhi kabla mtu mwingine yeyote. Ikibadilika kuwa nyekundu hata mara moja, usingoje ya pili.